Mwana wa Kuku na Kizingiti cha Banda

Wahenga walisema kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, nami sina hoja ya kuyapinga maneno hayo, kwa kuwa kila aliyewahi kufuga amekwisha mwona kifaranga wa siku tatu, aliyeanguliwa na mashine na ambaye hajapata kumtia mama yake machoni, akisimama juu ya maranda, akirusha mguu mmoja nyuma kisha wa pili, halafu akirudi hatua moja kutazama ni nini kilichofichuka. Hiyo ni silika, naye alitunukiwa na Muumba wake tangu yumo yaini. Walakini methali imenyamaza juu ya jambo jingine, ambalo ndilo linalowataabisha wafugaji wengi wa zama hizi: haikusema kwamba mwana wa kuku hafunzwi kutoka mlangoni. Kuchakura anakujua, wapi pa kuchakura, saa gani, na hadhari gani aichukue huku kichwa chake kimeinama, hayo hufunzwa, na mwalimu wake wa asili asipokuwapo basi mfugaji hana budi kuishika nafasi hiyo yeye mwenyewe.

Zamani taabu hii haikujulikana, kwa sababu koo aliyeatamia mayai yake siku 21 alitoka kiotani na wanawe siku ya pili au ya tatu, akawapitisha kando ya ua, chini ya mwembe na kandokando ya michongoma, mahali ambapo kila baada ya hatua chache palikuwa na kitu cha kujificha chini yake, naye akiwaita kila alipopata mdudu na kuwafunika kwa mbawa zake kila kilipopita kivuli juu. Leo mambo yamegeuka. Vifaranga wa kuku chotara hununuliwa wakiwa na umri wa siku moja, wakasafirishwa kwa basi ndani ya maboksi yenye matundu, wakatiwa katika chumba na kupewa joto la taa ya umeme, au la jiko la mkaa mahali pasipo na umeme, na hapo wakakaa majuma matano au sita hadi manyoya yawafunike mwili. Ndipo mwenye mali, ambaye amepiga hesabu ya chakula cha dukani na kuona kwamba imemwelemea, huamka asubuhi moja akaufungua mlango, akitaraji kuwaona wakimiminika uani kama watoto wa chuoni walioruhusiwa na mwalimu. Hatoki hata mmoja. Wote hujikusanya katika pembe iliyo mbali kabisa na mlango, wakapandana migongoni, na wale wa chini wakakosa pumzi.

Hapo ndipo mfugaji hukasirika, na katika hasira hiyo hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama huingia bandani na ufagio wa chelewa akawafukuza kwa nguvu, ama huwakamata mmoja mmoja kwa miguu akawatupa nje. Kwa vitendo hivyo viwili huwathibitishia kuku kile walichokuwa wakikishuku tangu awali, kwamba nje ni mahali pa kuhiliki, kwani mara ya kwanza walipofika huko walifika wakiwa wameshikwa na kiumbe mkubwa aliyewajia kutoka juu. Rai yangu, ambayo wengine huiona ya kumtukuza kuku kupita kiasi, ni kwamba kuku mchanga anayegoma kutoka si mjinga wala si mvivu. Anayo haki, na mara nyingi kosa limo katika uwanja, nje ya mlango.

Ili kuifahamu haki hiyo yatupasa tukumbuke asili yake. Kuku wote wa duniani, kuchi mwenye shingo ndefu, kidimu mwenye manyoya yaliyokunjamana, na huyu chotara wa kiwandani, wametokana na kuku mwekundu wa mwituni wa kusini-mashariki mwa Asia, ndege akaaye katika vichaka na mianzi, atokaye ukingoni mwa msitu alfajiri na jioni kutafuta riziki na kurejea kivulini jua linapopanda, alalaye juu ya matagaa usiku. Kwa safari za bahari alifika mwambao wetu zamani za kale, na mifupa yake imechimbuliwa katika magofu kama yale ya Unguja Ukuu. Lakini katika safari zote hizo, na katika karne zote alizokaa na wanadamu, hakuiacha tabia ya kuuchukia uwanda mtupu. Mahali palipo peupe, pasipo na tagaa juu wala kichaka pembeni, kwake ni mahali pa kufia. Sasa mtazame mfugaji wetu alivyofanya: amekata miti yote karibu na banda ili nyoka wasijifiche, ameng'oa nyasi, kisha ameufungua mlango saa nne ya asubuhi, jua likiwa kali, ili kuku waone pazuri.

Juu ya woga wenyewe, Mwingereza mmoja aitwaye Douglas Spalding aliandika mwaka 1873 habari ya majaribio ambayo hadi leo yafaa kusomwa na kila mwenye banda. Aliwafunika vifaranga vichwa vyao mara walipoanguliwa, hata wasione kitu, akawafunua kwa siku mbalimbali. Waliofunuliwa mapema walimkimbilia na kumfuata kama kwamba yeye ndiye mama. Lakini wale waliokaa gizani hadi kukaribia siku ya nne, walipofunuliwa na kumwona, walimkimbia kwa hofu kuu, ilhali yeye aliamini kwamba lau angaliwafunua siku moja kabla wangalimjia badala ya kumkimbia. Hofu, basi, ina siku zake za kuingia, na kitu ambacho kifaranga amekizoea kabla ya siku hizo hakimtishi tena. Miaka ishirini na zaidi baadaye, Conwy Lloyd Morgan aliona kwamba kifaranga hayatambui maji kwa kuyatazama, na aweza hata kusimama ndani yake huku ana kiu, mpaka pale mdomo wake utakapolowa kwa bahati. Tangu hapo hujua. Ukiyaweka pamoja mambo haya mawili utapata nusu ya elimu yote ya kumtoa kuku nje: mzoeze mapema, wala usimtaraji akijue kitu kwa kukiona tu kwa mbali.

Kwa hiyo mfugaji asingoje majuma sita yapite ndipo aanze. Katika juma la tatu, siku isiyo na upepo wala mvua, vifaranga waweza kutolewa nje mchana kwa nusu saa chini ya tenga kubwa lililofudikizwa juu ya nyasi, wakaonja udongo, wakaona chungu wakipita, wakasikia adhana, mbwa na gari la jirani, kisha wakarudishwa kwenye joto lao. Wale waliopata matembezi ya namna hii mara chache tu hutoka mlangoni kwa urahisi wanapokuwa wakubwa, na wasiopata huwa ndio hao wanaopandana pembeni. Joto, bila shaka, liangaliwe: kifaranga wa juma la kwanza huhitaji nyuzi 33 hadi 35, nazo hupunguzwa takriban nyuzi tatu kila juma, hata anapofika juma la tano au la sita, akiwa amevaa manyoya, hali ya hewa ya pwani humtosha bila ya taa. Mfugaji wa Lushoto au wa Limuru, ambako asubuhi ni baridi, na asubiri zaidi.

Siku ya kwanza ya kufungua mlango, keti mbali kidogo utazame. Kama wote hawakukimbilia pembeni, utamwona mmoja, aghalabu pora mwenye upanga ulioanza kuwa mwekundu, akisogea hadi kizingitini, akasimama, akanyosha shingo, na kisha, kabla hajatia mguu nje, akageuza kichwa upande mpaka jicho moja likaelekea mbinguni. Mara nyingi ni jicho la kushoto. Hilo si jambo la bahati: mtaalamu wa Australia, Lesley Rogers, pamoja na wenziwe, wameonyesha kwamba kuku hulitumia zaidi jicho la kushoto kumlindia adui, na la kulia kupambanulia punje na kokoto. Chanzo chake kimo yaini, kwani siku za mwisho kabla ya kuanguliwa kifaranga hukaa amejikunja, jicho la kulia limeelekea ganda na la kushoto limefunikwa na mwili wake, na mwanga unaopenya kila koo anapoinuka kwenda kula hulifikia jicho moja tu. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2004, vifaranga waliotoka katika mayai yaliyoatamiwa gizani walishindwa kufanya kazi mbili kwa pamoja, yaani kuokota punje huku wakimchunga adui apitaye juu, kwa kadiri wenzao waliopata mwanga walivyoweza. Mwenye mashine ya kuangulia iliyo giza tupu ndani, naye auza vifaranga kwa watu watakaowaachia huru, ana jambo la kutafakari hapo.

Na adui wa juu si wa kufikirika. Mwewe yupo, kipanga yupo, na katika miji yetu ya pwani yupo kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye tangu hapo ameenea mwambao mzima hadi bara, akinyakua vifaranga mbele ya macho ya wenyewe bila haya. Kuku wa majuma sita amekuwa mzito kidogo kwa kunguru mmoja, lakini kunguru haji peke yake. Kuku wana lugha mbili za kuonyana, sauti moja ndefu nyembamba kwa adui wa angani, ambayo wakiisikia hujilaza chini au kukimbilia kifichoni, na sauti ya kurudiarudia, ya kelele, kwa nguchiro, kicheche au paka ajaye kwa miguu, ambayo huwafanya wainue shingo watazame. Mahali penye kuku wazima, wachanga hufaidi maonyo hayo. Katika banda la wachanga watupu kila mmoja hujitegemea kwa jicho lake, na ni jambo la akili kabisa kwamba kila mmoja huchelea kuwa wa kwanza.

Bibi mmoja wa Pangani, mtu mzima mwenye heshima zake, aliniita siku moja nikiwa katika kazi yangu ya ubwana mifugo, akanionyesha kundi lake la matembe na mapora waliokaa ndani mlango ukiwa wazi. 

"Mwanangu," aliniuliza, "hawa nimeuziwa wazima, au wamerogwa?"

"Hawakurogwa, bibi," nilimjibu. "Uwanja wako ni msafi mno."

Alicheka, kwani alidhani namtania, nami sikuwa na utani. Uwanja wake ulikuwa wa mchanga mweupe, uliofagiwa kila alfajiri hata ukaonekana mistari ya ufagio, pasipo na jani wala kivuli kutoka mlango wa banda hadi kwenye mnazi ulio mbali. Na nani asiyejua kwamba kwa watu wa pwani uwanja usiofagiwa ni aibu ya nyumba? Tulikubaliana kwamba upande wa mbele auache safi kwa ajili ya wageni, na upande wa banda autoe sadaka kwa kuku. Wajukuu wake walichimbia vigingi vinne mbele ya mlango, wakafunga fito juu yake kwa kimo cha goti, wakatandaza makuti makuukuu, ikawa kama kibaraza kifupi. Mbele ya kibaraza wakaegemeza makuti mengine mawili matatu juu ya magogo, moja baada ya jingine, hadi kufikia shina la mnazi. Kuku hawakutoka siku ile. Siku ya pili walikuwa wamejilaza chini ya kibaraza, nusu ndani nusu nje, na kabla ya juma kwisha walikuwa wakikimbia kutoka kuti hadi kuti, wakichakura katika kila kivuli, na majani yaliyokusanyika hapo yakawa yamejaa wadudu.

Wazungu wenyewe, ambao hupenda kuliweka kila jambo katika sheria, wamelijua hili kwa gharama. Umoja wa Ulaya ulitoa maagizo mwaka 1999 juu ya kuku wa mayai, na kwa wale wa kuachiwa huru ikaamriwa kwamba milango ya kutokea iwe na kimo cha sentimita 35 na upana wa sentimita 40 angalau, kwamba kila kuku 1,000 wapate jumla ya mita mbili za milango, na kanuni za kuuza mayai zikataka kila kuku awe na mita nne za mraba za ardhi nje. Vipimo vilitimizwa, milango ikafunguliwa, na sehemu kubwa ya kuku ikabaki ndani au ikang'ang'ania ukuta wa nje wa banda, huku malisho ya kijani yakiwa matupu. Walipopanda miti na vichaka, ndipo kuku walipoanza kwenda mbali. Naona sheria ile ilikuwa njema katika nia yake, illa iliandikwa na watu waliopima ardhi kwa macho ya mwanadamu, ambaye hupenda mandhari.

Tuje sasa kwenye mlango wenyewe. Mlango wa mtu haufai kuwa mlango wa kuku wachanga, kwa kuwa mtu ndiye aupitaye, nao wameshazoea kukimbia kila unapofunguka. Wakatiwe tundu lao wenyewe, chini, upande usiopigwa na upepo wa kusi wala na mvua zake, na kizingiti kisizidi kimo cha goti la kuku. Banda likiwa limeinuliwa juu ya nguzo, ubao wa kushukia uwe mpana, uwe na mteremko mdogo, nao upigiliwe vipande vya fito kila baada ya vidole vinne, kwani kuku aliyeteleza mara moja huukumbuka ubao huo kwa siku nyingi. Kuku haoni vyema anapotoka gizani ghafla hadi kwenye jua la utosi, na ndiyo sababu nyingine ya kile kibaraza cha makuti: mwanga humpokea kidogo kidogo.

Na milango iwe miwili, hata kama kundi ni dogo. Mnorwe aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe ndiye aliyeueleza ulimwengu, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwamba kuku wana daraja zao, kila mmoja akijua ni nani amdonoaye na ni nani wa kudonolewa naye. Na daraja hizo huanza kujengeka katika umri uleule tunaouzungumza, majuma sita hadi kumi. Mahali pembamba kama mlango huwa ni kiti cha enzi. Mara nyingi nimeitwa kutazama kuku "waoga" nikakuta pora mmoja mshari amesimama kizingitini, akimdonoa kila anayekaribia, ilhali yeye mwenyewe hatoki wala hampishi mwingine. Ukifungua tundu la pili upande wa pili wa banda, utawala wake umekwisha, maana hawezi kuketi mahali pawili.

Saa ya kuanza ni alasiri, si asubuhi. Wafugaji wengi hushangaa wakiambiwa hivi, lakini sababu zake ni wazi: jua limelegea, njaa imeingia, na usiku uko karibu, hivyo kwamba matembezi ya kwanza yatakuwa mafupi kwa lazima na mwisho wake utakuwa ni kurejea nyumbani kulala. Ondoa chakula tangu adhuhuri, maji uyaache. Ikifika alasiri lete chombo kilekile walichozoea kulia tangu udogo wao, wala usilete kipya cha kuwashangaza, ukipige kwa sauti ileile uliyokuwa ukiipiga kila siku, na ukiweke kwanza ndani, karibu na mlango. Kesho yake kiwe kizingitini. Siku inayofuata kiwe nje kidogo, chini ya kibaraza. Mfugaji mwenye haraka atazimaliza hatua hizi zote kwa siku moja, na atazianza tena upya juma zima. Kabla ya hayo, kama kuku wamehamishwa kutoka chumba cha kulelea kwenda banda jipya, wafungiwe humo takriban juma moja ili wapajue kuwa ni kwao, kwa maana anayetoka bila kupajua kwao hana pa kurudi.

Kati ya vyakula vyote vya kumvutia kuku mchanga sijaona kimshindacho mchwa, na namna ya kuwapata ni ile waliyoitumia babu zetu. Chukua chungu kikuukuu au kopo, ujaze kinyesi kikavu cha ng'ombe kilichochanganywa na mabua ya mahindi, unyunyize maji hata yalowane pasipo kuchuruzika, kisha ukifudikize jioni juu ya njia ya mchwa ukakifunike na gunia ili kisikauke. Alfajiri ukikiinua utakikuta kimejaa. Mimina robo yake tu mbele ya tundu, uondoke. Kuku mmoja akimshika mchwa mdomoni hutimua mbio naye, wenziwe wakamfuata kumnyang'anya, na katika kufukuzana huko hujikuta wameshafika nje kabla hawajakumbuka kuogopa. Fauka ya chakula, chimba shimo la kina kifupi kivulini ulitie udongo mkavu uliochanganywa na jivu. Hamu ya kuoga vumbi ni kubwa katika umri huu, nayo huwatoa wale ambao tumbo halikuwatoa.

Lakini yote niliyoyataja ni badala tu ya mama, na mwenye kuweza kumpata mama asihangaike na mengi. Koo anayeatamia akiwekewa vifaranga wa mashine wa siku moja au mbili chini ya mbawa zake usiku, gizani, aghalabu huamka nao asubuhi akiwa hana shaka kwamba ni wake, maadamu idadi yao haimzidi uwezo wa kuwafunika. Kazi yake ni zaidi ya joto. Christine Nicol na mwenzake Pope walionyesha mwaka 1996, huko Uingereza, kwamba koo akiwaona vifaranga wanakula chakula ambacho yeye amejifunza kuwa kibaya, huongeza bidii ya kuchakura na kuwaita kwenye kile kizuri. Yaani huliona kosa la mwanafunzi akalisahihisha. Hakuna mfugaji afanyaye hivyo kutwa nzima. Na kwa wale waliokwisha kuwa wakubwa bila mama, kuku mzima mmoja mpole hutosha kuwa kiongozi, mradi wawe wametazamana kwa juma moja kupitia wavu kabla ya kuchanganywa, kwani mkubwa asiyewajua huwadonoa vichwani. Desturi yetu ya kumfunga kuku mgeni kamba mguuni yafaa hapa pia: huyo kiongozi afungwe kamba ndefu chini ya kibaraza alasiri za mwanzo, asipate kuzurura, na wachanga watamwendea wenyewe anapochakura.

Juu ya maradhi nitasema machache kwa kuwa hayo yana safu zake. Kuku asitoke kwenda kuchanganyika na kuku wa majirani kabla ya kupata chanjo ya mdondo, ugonjwa uitwao pia kideri. Kwa wafugaji wa Tanzania ipo chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko zile za zamani, nayo hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu. Ardhi ya mbele ya mlango, ambapo wote hukanyaga na kunya, isiachwe ikawa tope, kwa sababu vijidudu vya kuhara damu hukomaa upesi katika unyevu na joto, na hakuna mahali pa hatari zaidi kwa kuku wa umri huu kuliko kizingiti kilicholowa wakati wa masika. Tandaza kokoto au mchanga, na ukiinue chombo cha maji.

Jioni nayo ina mtihani wake. Wapo watakaotoka kwa furaha na magharibi wakapanda mwembeni, wakiifuata ile asili ya mwituni, na wakilala huko siku mbili tatu itakuwa vigumu kuwashusha, mpaka fungo au bundi awashushe. Tia fito za kulalia ndani ya banda, juu kuliko mahali pengine popote wanapoweza kufikia nje, na jua linapotua washa taa ndogo ndani kwa muda: giza likiwazonga nje huelekea penye mwanga. Baada ya juma moja au mawili taa haihitajiki tena.

Ukiyafanya haya kwa taratibu, wengi wa kundi watakuwa nje kwa hiari yao katika majuma mawili, na thuluthi ya mwisho itawafuata wenzao bila ya msaada wako. Atabaki mmoja au wawili wasiotoka hata kwa mchwa. Hao usiwasukume wala usiwaite waoga. Wakamate usiku wakiwa wametulia, uwakague chini ya nyayo, chini ya mbawa ukitafuta utitiri na viroboto, uone kama kifua kimekonda, na uangalie kinyesi kama kina damu au minyoo, kisha uwatenge peke yao na umwite bwana mifugo wa kata yako asubuhi yake, kwa sababu kuku mwenye afya, aliyepewa kivuli, njaa ya alasiri na mwenzake wa kumfuata, hutoka.